Mshumaa wa Barrymore

Katika uhakiki wetu wa riwaya imekuwa desturi kumtazama msomaji kama mtu aliyekwisha kukifunga kitabu. Tunaanza na dhamira, tunaingia katika msuko, tunawapanga wahusika wakuu na wadogo, na yote hayo tunayasema tukiwa tumesimama kwenye ukurasa wa mwisho na kuangalia nyuma. Lakini hakuna asomaye hivyo. Msomaji huenda na kitabu kama msafiri aendavyo na njia: asubuhi auona mlima na kuufikiri karibu, adhuhuri umezidi kuwa mbali, na jioni atambua kwamba alichokuwa akikiita mlima kilikuwa wingu. Mawazo hayo ya njiani hayaandikwi popote. Mwanafunzi katika mtihani haulizwi alidhani nini alipofika sura ya nane. Huulizwa kisa kilikwishaje na kina mafunzo gani.

Hasara hiyo huonekana zaidi katika riwaya ya upelelezi, ambayo wengi wetu hatuitendei haki. Tumepata kumsikia mwalimu mwenzetu akisema kwamba riwaya ya namna hii ni kama muwa: ukishafyonza utamu wake hubaki makapi tu, na makapi hayarudiwi. Maneno hayo yana ukweli ndani yake ikiwa thamani yote ya kitabu imo katika jina la mwuaji. Nasi tulikuwa na imani hiyohiyo, mpaka siku tuliposoma riwaya moja iliyotukatikia mkononi.

Riwaya yenyewe ni The Hound of the Baskervilles ya Arthur Conan Doyle, iliyoanza kutolewa kwa mafungu katika jarida la Strand huko Uingereza mwezi wa Agosti 1901 na kukamilika mwezi wa Aprili 1902. Ina sura 15. Nakala tuliyoazimwa, miaka mingi iliyopita tulipokuwa tukifundisha bara, ilikuwa imepita katika mikono mingi kabla ya kufika katika yetu, na uzi wa jalada lake ulikuwa umeoza. Tuliisoma kwa taa ya chemli usiku mbili mfululizo, na usiku wa pili, tulipofungua ili kuianza sura ya tisa, tukakuta jalada. Nusu ya pili haikuwamo. Ilitupasa kungoja karibu muhula mzima kabla ya kuipata nakala nyingine, na muda wote huo tuliishi katikati ya kitabu, tukiwa na mawazo yetu ya njiani na pasipo mwisho wa kuyasahihisha. Makala haya yahusu mawazo hayo.

Kwanza yafaa tuseme jinsi mwandishi anavyotuingiza ndani. Sura ya kwanza haina kifo wala damu. Kuna fimbo tu, iliyosahauliwa na mgeni katika nyumba ya mpelelezi Sherlock Holmes. Holmes amwambia rafiki yake Daktari Watson aitazame fimbo ile na kumsema mwenyewe ni mtu wa namna gani. Watson aitazama na kutoa maelezo marefu, yenye mantiki, ya kupendeza. Holmes amsifu, kisha amweleza, bila haya, kwamba mengi aliyoyasema si sahihi, na kwamba faida yake ni kuwa makosa yake humwongoza mwenziwe kwenye ukweli. Tulicheka. Tuliposoma mara ya kwanza tulimcheka Watson, na kama ilivyo kwa kila msomaji, tulijihesabu papo hapo kuwa upande wa Holmes. Hatukutambua kwamba mwandishi alikuwa ametuonyesha mapema kabisa kiti tutakachokalia.

Mwenye fimbo ni Daktari Mortimer, mganga wa kijijini katika nyika ya Dartmoor, magharibi ya Uingereza. Anakuja na karatasi ya mwaka 1742 yenye simulizi ya ukoo wa Baskerville. Bwana mmoja wa ukoo huo, Hugo, mtu katili, alimteka binti wa jirani na kumfungia ghorofani. Binti akatoroka usiku. Hugo akaitoa roho yake kwa shetani ili ampate, akamfuata nyikani kwa farasi na mbwa, na huko akakutwa amekufa, jibwa jeusi lisilo la dunia hii limemkalia kooni. Tangu hapo, yasemwa, jibwa hilo huwafuata wazao wake. Na sasa Sir Charles Baskerville, mzee mwema aliyependwa na jirani zake, amekutwa amekufa katika ujia wa miti karibu na nyumba yake, hana jeraha, uso umempinda kwa hofu.

Hapa twaomba ruhusa ya kusimama kidogo. Gazeti analolisoma Mortimer laeleza kwamba Sir Charles alipata utajiri wake katika biashara za kubahatisha huko Afrika Kusini, kisha akarudi kwao na fedha hizo kulifufua jumba la wazee wake lililokuwa limechakaa. Ni sentensi fupi, na msomaji wa London wa mwaka 1901 aliipita mbio, kwa kuwa vita vya Uingereza na Makaburu vilikuwa bado vinapiganwa na habari za Afrika Kusini zilikuwa kifungua kinywa chake cha kila siku. Conan Doyle mwenyewe alikuwa amerudi kutoka huko mwaka uliotangulia, alikofanya kazi ya udaktari katika hospitali ya vita mjini Bloemfontein. Sisi hatuwezi kuipita mbio. Tunasoma kwamba mali ya ukoo huu inakaribia pauni milioni moja, na katika kitabu kizima, ambamo kila unyayo huulizwa umetoka wapi, hakuna anayeuliza mali hiyo ilichumwa kwa jasho la nani. Hatusemi kwamba mwandishi alificha jambo. Twasema kwamba msomaji wa Kiafrika hukutana na fumbo moja zaidi ya yale yaliyokusudiwa.

Turudi njiani. Usiku wa kwanza tulisoma kwa hofu. Simulizi ya jibwa ilitushika, na haikutushika kwa kuwa ni ngeni. Ilitushika kwa kuwa ni ya nyumbani. Nani kati yetu hakukua karibu na mbuyu usiopitwa usiku, au pango linalopelekewa ubani, au mto unaodai mtu kila mwaka? Muhammed Said Abdulla alilijua jambo hilo alipoandika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyopata tuzo ya kwanza katika mashindano ya kuandika hadithi ya mwaka 1957–58 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, ikatolewa kitabu mwaka 1960. Humo pia kuna kifo, na kifo hicho kinawekwa penye mzimu, ili macho ya watu yaelekee kwa wasioonekana badala ya kuelekea kwa wanaoonekana. Na humo pia kuna mtu wa kiko, Bwana Msa, anayekataa kuelekea huko. Undugu wake na Holmes umekwisha kusemwa na wengi, nasi hatuna haja ya kuurudia. Tunalotaka kulitaja ni tofauti moja iliyomo katika maneno mawili tu, watu wa kale.

Katika nyika ya Dartmoor kuna vibanda vya mawe vya watu walioishi huko zamani za kale, nyumba za mviringo zisizo na mapaa, na Conan Doyle anavitumia vizuri sana kutia ukiwa katika hadithi yake. Lakini anapowataja wenyewe huwataja kama washenzi, watu wa mashimoni, na baadaye anapotaka kutuonyesha uso wa mfungwa mtoro aliyejificha nyikani, aufananisha na uso wa mmoja wa wale wa zamani. Kwake, wa kale ni wanyama waliotangulia. Katika kichwa cha kitabu cha Abdulla, wa kale wana mzimu. Wana mahali pao, na aliye hai hupita hapo kwa adabu, aamini asiamini. Bwana Msa ataka kujua mwuaji ni nani, lakini hahitaji kuwatukana marehemu ili ajue. Tofauti hiyo si ndogo, na mwanafunzi anayesoma vitabu vyote viwili angeweza kukaa nayo kwa muda mrefu.

Asubuhi ya pili hofu ilikuwa imepungua na mahali pake pameingia shaka. Sura za London zina ufundi wa kugeuza mawazo yetu kutoka kwa jibwa kwenda kwa binadamu. Mrithi, Sir Henry, amewasili kutoka Kanada. Anapokea barua ya kumwonya asiende nyikani, maneno yake yamekatwa katika gazeti na kubandikwa. Anaibiwa kiatu kipya kimoja, kisha kiatu kikuukuu kimoja, na kile kipya kinarudi. Mtu mwenye ndevu nyeusi anamfuata katika gari la farasi. Jibwa la jehanamu haliibi kiatu wala halipandi gari, na msomaji apumua. Ndipo Holmes auliza: je, katika nyika ile kuna mtu mwenye ndevu nyeusi? Yupo, ajibu Mortimer. Barrymore, mtumishi mkuu wa nyumba.

Tangu neno hilo tulikuwa tumekwisha. Yote yaliyofuata tuliyaona kwa jicho moja. Barrymore na mkewe wameachiwa katika wasia pauni 500 kila mmoja: sababu. Barrymore ndiye aliyemkuta marehemu: nafasi. Simu aliyopelekewa ili ijulikane kama yupo nyumbani, mtoto wa posta alimpa mkewe na hakumwona mwenyewe: hila. Usiku wa kwanza wa Watson katika jumba lile asikika mwanamke akilia kwa kwikwi gizani, na asubuhi Barrymore anakana kwamba mkewe alilia, ilhali macho ya mama huyo ni mekundu: uongo. Na mwisho wa yote, katika sura ya nane, yapata saa nane za usiku, Watson asikia nyayo za mtu anayenyatia, afuata, na kumwona Barrymore peku, katika chumba kitupu kisichokaliwa na mtu, ameinua mshumaa karibu na kioo cha dirisha na kuitazama nyika yenye giza. Baada ya muda atoa mguno wa kukata tamaa, auzima mshumaa. Sura inakwisha. Nakala yetu nayo ikakwisha.

Kwa hiyo tulingoja, na katika kungoja tukaisimulia hadithi kwa wanafunzi wa kidato cha tatu baada ya chakula cha jioni, mpaka pale ilipotufikisha, tukawataka watuambie mwuaji ni nani. Karibu darasa zima lilijibu kwa sauti moja: mtumishi. Tulifurahi, kwa kuwa hilo lilikuwa jibu letu pia, na mwalimu hupenda kuona wanafunzi wakifika alipofika. Msichana mmoja tu aliyekaa nyuma alinyosha mkono.

"Mwalimu," alisema, "mbona daktari hatumshuku?"

"Daktari yupi, mwanangu?"

"Yule mwenye fimbo. Naye kaachiwa fedha."

Tulimjibu kwamba daktari ndiye aliyeleta habari, na mwuaji hamwendei mpelelezi nyumbani. Hakuridhika. Usiku huo tulifungua tena nusu yetu ya kitabu ili tupate kumkanusha vizuri zaidi, na tukakuta tusiyoyataraji. Mortimer ameachiwa pauni 1,000. Ni kiasi kilekile walichopata mtumishi na mkewe kwa pamoja. Tena si siri. Yeye mwenyewe alisema mbele ya Holmes, kwa namna ya mzaha, kwamba anatumaini hashukiwi kila aliyepata urithi, maana naye yumo. Nasi tulikuwa tumetabasamu pamoja na waliokuwapo, tukaendelea na Barrymore.

Lililotuchoma zaidi lilikuwa jingine. Mortimer, katika usiku ule wa kifo, aliona nyayo za mbwa mkubwa sana hatua chache kutoka kwenye maiti. Katika uchunguzi wa serikali juu ya kifo hicho hakuzitaja. Alizificha, na sababu zake azitoa waziwazi: mtu wa sayansi hapendi kuonekana akiunga mkono ushirikina wa watu, na jumba lile likizidi kusifika kwa ubaya halitapata wa kulikaa. Basi hapa tuna watu wawili, na wote wawili wanaficha jambo. Mmoja alificha ushahidi mbele ya mahakama, tukamwita mwungwana mwenye kujali heshima ya elimu yake. Mwingine alificha machozi ya mkewe mbele ya mgeni, tukamwita mwuaji. Wa kwanza ana shahada na miwani. Wa pili hufungua mlango na kupokea mizigo.

Tunakiri kwamba tulipoyaona hayo tulikuwa bado twamshuku Barrymore. Shaka haiondoki kwa kuonyeshwa kwamba haina msingi, na hilo nalo ni jambo ambalo mwisho wa riwaya, ukija upesi, haumpi msomaji nafasi ya kuliona. Katika majuma yale tulijaribu kumweka mtu mwingine mahali pa mtumishi na hatukuweza. Tulimjaribu mzee Frankland, mpenda mashtaka, mwenye darubini juu ya paa la nyumba yake. Alikuwa wa kuchekesha mno. Tulimjaribu Stapleton, yule bwana mwenye wavu wa kunasia vipepeo anayeishi na dada yake ukingoni mwa kinamasi. Alikuwa na mambo mawili matatu ya kutia wasiwasi. Lakini alikuwa msomi, mwenye maneno mazuri juu ya nondo na mimea, na zaidi ya hayo alimweleza Watson kwamba zamani alikuwa na shule, na kwamba aliifunga baada ya ugonjwa kuwaua wavulana watatu. Alikuwa mwalimu. Sisi ni walimu. Tukampa heshima zake na kumwacha apite. Hatusemi kama tulikosea au tulipatia. Twaeleza tu jinsi mizani yetu ilivyokuwa imelala.

Nakala ya pili ilikuja mwisho wa muhula, nzima, na tukaisoma sura ya tisa tukiwa tumesimama. Hatudhani tunaiharibu riwaya tukisema lililomo, kwa kuwa bado ni katikati na siri kubwa haijaguswa. Watson na Sir Henry wamvizia Barrymore na kumkuta dirishani na mshumaa wake. Anakataa kusema. Sir Henry amfukuza kazi papo hapo, na kumkumbusha kwamba jamaa zao wameishi chini ya paa moja zaidi ya miaka 100. Ndipo mkewe aingia, amejifunga shali, na kusema. Mfungwa mtoro wa nyikani, yule aliyeua watu na anayewindwa na askari, ni mdogo wake wa tumbo moja. Yuko huko nje na njaa. Mshumaa dirishani ni ishara kwamba chakula kiko tayari, na mwanga mdogo unaojibu ng'ambo ya giza huonyesha mahali pa kukipeleka. Kilio cha usiku kilikuwa kilio cha dada.

Tazama basi kilichotokea. Kila tulichokiona kilikuwa kweli. Mtumishi alinyatia, alidanganya, aliashiria mtu gizani. Mwandishi hakutudanganya hata mara moja. Tukirudi nyuma hatupati sentensi ya kumlaumu. Tulichokikosa ni maana, na maana hiyo haikuwa mbali. Mtu yeyote aliyelelewa katika jamii yetu anajua udugu unavyodai hata pale sheria inapokataza. Anajua mama anayempelekea chakula mwanawe aliyefukuzwa na baba. Anajua damu ni nzito. Lau tungeambiwa kwamba mwanamke fulani wa kijijini kwetu alia usiku na mumewe anatoka kwa siri na kipande cha mkate, tungeuliza mara moja ana jamaa gani porini. Lakini tulikuwa tumevua akili zetu mlangoni mwa kitabu, kama watu wavuavyo viatu, tukaingia na akili ya yule aliyezoea kuhudumiwa.

Hapa ndipo tunapomlaumu Conan Doyle, na lawama yetu si ya ufundi. Amejua kabisa kwamba msomaji wake atamrukia mtumishi. Ametega mtego kwa chambo hicho, na mtego umenasa. Lakini akishatuonyesha kosa letu haendi nalo mbali. Sir Henry anasamehe, Barrymore anashukuru, na baada ya kusaidia kwa habari chache mtumishi huyo anarudi nyuma ya mlango wake. Hatuonyeshwi hata mara moja jinsi ilivyokuwa kwake kutazamwa kwa majuma na mgeni aliyekuwa akiandika barua za kumshtaki. Mfungwa naye anabaki uso wa mnyama. Machozi ya dada yake yametumika kumsafisha Barrymore, kisha yakafutwa. Mwandishi aliyeweza kuuwasha mshumaa ule angeweza kutuacha chini ya mwanga wake muda mrefu zaidi.

Hata hivyo twamshukuru kwa jambo moja, nalo ndilo lililotufanya tuiheshimu sehemu ya kati ya riwaya hii kuliko mwisho wake. Usiku uleule, Watson na Sir Henry wakiwa nyikani wakimkimbiza mtoro, Watson aona juu ya kilima cha mawe, mwezi ukiwa nyuma yake, kivuli cha mtu mrefu mwembamba aliyesimama kimya. Si mfungwa. Ni mwingine. Katika sura inayofuata tunasikia kwamba mtu huyo akaa katika vibanda vya mawe vya watu wa kale, na kwamba kuna mtoto anayempelekea chakula kila siku. Frankland amwona mtoto huyo kwa darubini yake na kukata shauri, kwa uhakika wa mtu ambaye hajapata kukosea, kwamba chakula ni cha mfungwa.

Msomaji ameona? Mtu amejificha nyikani, na mwingine anampelekea chakula kwa siri. Ni picha ileile. Mwandishi ametupa mtihani uleule kwa mara ya pili, kurasa chache tu baada ya kutusahihishia ule wa kwanza, na tena amemweka mzee wa darubini mbele yetu ili tumcheke kwa kutoa jibu la haraka. Nasi tulifanya nini? Tulimcheka Frankland, tukasema chakula si cha mfungwa, tukajiona tumeelimika. Kisha, bila kupumua, tukaamua kwamba mtu wa kilimani ndiye mwuaji. Kwa ushahidi gani? Alikuwa mrefu, alikuwa peke yake, na hatukumjua.

Tangu hapo tumeisoma riwaya hii na madarasa matatu au manne, na kila mara tumesimama mahali palepale palipokatika nakala yetu ya kwanza. Mwalimu atakayependa kujaribu hahitaji zaidi ya karatasi: kila mwanafunzi aandike anamshuku nani na, chini yake, aandike sentensi za kitabu zilizomfanya amshuku. Sehemu hiyo ya pili ndiyo yenye kazi. Wengi huandika jina kwa dakika moja na kukaa nusu saa wakitafuta sentensi. Wengine hugundua kwamba sentensi waliyoitegemea haimo kitabuni, waliitunga wenyewe. Kijana mmoja aliapa kwamba Barrymore alionekana na kisu. Tulimpa kitabu akitafute kisu hicho, na alikaa nacho mpaka kengele ya kulala. Zoezi hilohilo lawezekana kwa Mzimu wa Watu wa Kale, au kwa Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ya mwaka 1965, mradi mwalimu mwenyewe awe na subira ya kuficha mwisho, na asiwe miongoni mwa wale wanaoanza kitabu kwa ukurasa wa nyuma.

Yule msichana wa kwanza tulimpa nakala nzima siku ileile tulipoimaliza. Alikuja nayo baada ya siku tatu, uzi mwekundu umewekwa mwisho wa sura ya kumi na moja, pale Watson anapokaa ndani ya kibanda cha mawe jioni, bastola mkononi, akisikiliza viatu vya mtu vikigonga mawe na kukaribia. Tulimwuliza kama amekuja kuirudisha. Alisema hapana, alikuja kuomba aendelee kukaa nayo, kwa maana anataka kurudia kutoka mwanzo kabla ya kuvuka pale. Kuhusu daktari, alisema, moyo wake bado haujatulia.